Mpini wa Jembe na Sahani ya Mzee

Nimestaafu majuzi tu, na vijana wa chumba cha mazoezi cha hospitali wamenidai jambo moja kabla sijasahau majina yao: niandike. Nimewaambia sina la kuandika juu ya vyeo. Vyeo vilikuja vikaenda, na mishahara nayo ilikuwa na tabia ya kwenda bila kuja. Nitaandika juu ya viti, mifuko ya mchanga, uji, na wazee. Hasa wazee, kwa sababu ndio niliowapenda, na ndio walionisumbua kuliko wote.

Kazi yangu ilikuwa kine, yaani kuwarudishia watu nguvu za viungo kwa mazoezi. Jina lake kamili la Kifaransa ni refu, watu wa Bunia, mji wetu huku mashariki ya Kongo, wakalikata zamani, na mimi nikaitwa Mama Kine kabla sijazaa hata mtoto mmoja. Mtu akitoka hospitali amepona ugonjwa lakini miguu imekataa kumbeba, huyo ni wangu. Daktari anamwambia, "Umepona, rudi nyumbani." Mimi ndiye ninayeulizwa atarudije.

Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe nililolipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Mkuu wa chumba cha mazoezi alikuwa Papa Zakaria, mtu mfupi mwenye kipara na sauti ya mwalimu wa kwaya. Alilitazama koti, akanionyesha kitanda cha pembeni.

"Lala," akasema. "Hapana kuamuka, hapana kukaa. Ukisikia kiu, unaita mutu."

Nikadhani ni mzaha wa kuwapokea wageni. Nililala pale tangu asubuhi mpaka wagonjwa wa mchana wakaondoka. Aliponiruhusu kusimama, magoti yalitetemeka na kichwa kikanizunguka, mimi msichana wa kulima, niliyebeba maji kichwani tangu utoto.

"Kitanda ni mwizi," akaniambia. "Weye imekuiba siku moja tu. Sasa waza muzee, mwezi muzima. Itamubakishia nini?"

Koti langu lilikuwa limekunjamana lote. Nadhani na hilo lilikuwa sehemu ya somo.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache, na vingi tulivitengeneza wenyewe. Tulishona mikono ya makoti mabovu tukaijaza mchanga wa mto Shari, tukawafungia wagonjwa kwenye vifundo vya miguu ili wainue uzito kidogo kidogo. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli tuliukata vipande vya kuvuta kwa mikono. Kupima paja tulitumia uzi wenye fundo: fundo likisogea, nyama inarudi. Lakini chombo kikubwa kuliko vyote kilikuwa kiti. Kiti cha kawaida, kigumu, kisicho na magurudumu. Mzee anakaa, anasimama, anakaa, anasimama. Ukiwa kijana unaona ni mchezo. Mzee aliyelala mwezi mzima anaona mlima.

Papa Zakaria hakupenda kuhesabu. Alisema mgonjwa anayehesabu anawaza kumaliza. Yeye aliwapa wazee kipimo cha jikoni: sufuria ikiwekwa motoni, anza, maji yakichemka, pumzika. Kwa njia hiyo mazoezi yalikuja kabla ya chakula, na chakula kilikuja mwili ukiwa unakitaka. Kwa maana chakula nacho kilikuwa kazi yetu, ingawa wauguzi walituona tunajiingiza jikoni kwa watu. "Zoezi ni fundi, chakula ni tofali," alizoea kusema. "Fundi bila tofali anafanya nini? Anapiga domo." Maharagi, karanga zilizosagwa, yai likipatikana, samaki wadogo waliokaushwa wa Tchomia, kule ziwani, wasagwe na miiba yao kama meno yameisha. Fufu, ugali wetu wa mihogo, peke yake inajaza tumbo, lakini haisimamishi mtu. Nimelisema hilo katika nyua nyingi za Bunia, na katika nyingi nimejibiwa kwamba muzee anapenda fufu.

Papa Zakaria alistaafu, akaniachia funguo. Kisha vita vikaja.

Sitasimulia vita. Waliovianza wapo, wavisimulie wao. Nitasema tu kwamba katika chumba chetu waliingia watu wa kila upande, na mimi sikuwahi kuona paja lenye kabila. Vitanda vilihitajika kwa majeruhi, kwa hiyo wazee walirudishwa nyumbani mapema, wakiwa wamebebwa kwenye baiskeli kama magunia ya mihogo. Chumba cha mazoezi kikageuzwa kuwa chumba cha kufunga vidonda. Nikachukua uzi wangu wenye fundo na mifuko miwili ya mchanga, nikaanza kuwafuata wazee majumbani kwa miguu, katika vipindi ambavyo mji ulikuwa umetulia.

Ndivyo nilivyofika kwa Muzee Kasiano, katika kartie, yaani mtaa, ya Lumumba. Alikuwa mkulima wa upande wa Bogoro. Familia ilikuwa imekimbilia Bunia na kupewa nyumba ya vyumba viwili na ndugu. Muzee alikuwa ameugua nimonia, amelazwa muda mrefu, akarudishwa akiwa mifupa na macho. Nyumba ilikuwa mikononi mwa mukamwana wake, Mama Neema, mwanamke mwembamba asiyekaa kitako. Mumewe, mtoto wa muzee, alikuwa amekwenda Mahagi kutafuta kazi kabla barabara hazijafungwa, na hapakuwa na habari zake. Watoto wao walikuwa wanne, wa mwisho akiwa bado mgongoni.

Mama Neema alinipeleka nyuma ya nyumba, karibu na jiko, akaniambia jambo lake bila kuzunguka.

"Mama Kine, kule Bogoro tulikimbia bila mama-mukwe. Miguu yake ilikuwa imekufa, na hakuna mutu ya kumubeba. Tulimuacha mu nyumba. Hatukumuona tena." Akasukuma kuni. "Risasi itarudia, kila mutu anajua. Lakini mara hii mi siachi mutu. Kama muzee haendi, siye wote tunabakia."

"Na batoto?"

"Siye wote, nimesema."

Nilimtazama nikaona hatanii. Basi mjue nilichopewa pale: si paja la mzee mmoja, ni nyumba nzima. Tangu siku hiyo nilipokuwa nikiufunga uzi wangu kwenye mguu wa muzee yule, nilipima mara mbili, jambo ambalo kwa wengine sikulifanya.

Tatizo la kwanza lilikuwa la desturi. Katika ukoo wao mukamwana hamgusi baba mkwe, wala hakai mahali anapomwona akila. Chakula anakiweka mlangoni, anageuka, anaondoka. Ni heshima, na mimi sikuja na mifuko yangu ya mchanga kuvunja heshima za watu. Lakini mzee wa kuinuliwa anahitaji mkono, na katika nyumba ile mkono mzima ulikuwa mmoja tu, nao ndio uliokatazwa.

Nikatazama huku na huku. Kwenye kona palikuwa na mpini wa jembe. Walikimbia na jembe zima, chuma kikachomoka njiani, mpini ukafika Bunia peke yake. Nikampa Muzee Kasiano ncha moja na Mama Neema ncha nyingine.

"Hapo umemugusa?" nikamuuliza Mama Neema.

Akafikiri. "Nimegusa muti."

"Na weye, Muzee, amekugusa?"

"Hapana," akasema muzee, na kwa mara ya kwanza nikaona anataka kucheka. "Amegusa jembe yangu."

Basi hivyo ndivyo tulivyofanya. Mama Neema alivuta akiwa ametazama pembeni, muzee akainuka kitini. Alipoweza kuinuka mwenyewe, alipewa mpini awe anagonga mguu wa kiti kila anaposimama, na mukamwana wake akiwa jikoni anasikia ko, ko, ko, mpaka maji yachemke. Sauti ikisita kabla ya wakati, Mama Neema alikohoa kwa nguvu, na sauti ikarudi. Sijawahi kuwa na msaidizi mkali kama yule.

Hata hivyo fundo la uzi halikusogea. Nilikuja wiki hii, nikaja wiki nyingine, uzi ukazidi kulegea. Nilimbana Mama Neema kuhusu chakula, naye akaudhika, na alikuwa na haki.

"Anakulaka, Mama Kine. Namuwekea mingi kupita siye wote. Maharagi, karanga, kila kitu ulisema. Sahani inarudiaka mweupe, kama imeoshwa."

Nikarudi nyumbani nikiwaza minyoo, nikawaza kifua kikuu, nikawaza kila kitu kilichomo vitabuni. Siku moja nikaenda saa ya chakula, nikaingia bila kubisha, jambo ambalo mama yangu asingelisamehe. Muzee Kasiano alikuwa kwenye kiti chake, sahani magotini. Watoto watatu walikuwa wamejipanga mbele yake kimya, kama watu wanaopokea komunyo. Aliwatilia tonge kila mmoja mkononi, wa mwisho akapewa sahani ailambe. Yeye akapangusa vidole, hajaonja.

Hapa lazima niseme kwamba kosa hili linatoka katika jambo zuri. Kwetu mzee hamalizi sahani. Anaacha kidogo, wajukuu wanakula, na kile kidogo ni baraka. Mzee anayemaliza chote anasemwa kuwa mroho. Ila zamani kilichoachwa kilikuwa kidogo kweli, kwa sababu sufuria ilikuwa na kingine. Sasa kila tulipomwongezea muzee chakula, tuliwaongezea wajukuu baraka. Na mtu pekee wa kumwona akila ndiye aliyekatazwa kumtazama.

Niliwatoa watoto nje. Nilikuwa nimekasirika, sifichi.

"Muzee, unanifanyisha kazi ya bure."

"Mi nilishakula miaka mingi," akasema kwa upole. "Bo ndio hawajakula."

"Na miguu?"

"Weye unanijengea miguu ya kukimbia, Mama Kine. Mi nilishakimbia mara moja. Bibi yangu alibakia mu nyumba, mi nikaenda na hii miguu. Unataka iende tena wapi?"

Nilikaa sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Kisha nikamwambia alichoniambia Mama Neema kule jikoni, neno kwa neno: kama muzee haendi, wote wanabaki.

Akainama mbele kitini.

"Alisema vile? Na ule mutoto wa mugongo?"

"Alisema siye wote."

Muzee Kasiano akautazama mlango. Nje watoto walikuwa wanagombania sahani. "Basi," akasema, "ninawakulisha ili bakufe."

Mama Neema nilimweleza yote siku ileile. Alikaa chini, ndiyo mara ya kwanza kumwona akikaa, akalia kidogo kwenye ukingo wa kitenge, kisha akauliza kilichofaa kuulizwa: tufanye nini. Tukakubaliana watoto walishwe kwanza, nje, mpaka washibe kile kilichopo, ndipo sahani ya muzee ipelekwe. Samaki wa Tchomia walikuwa wamepotea sokoni barabara ya ziwa ilipofungwa, kwa hiyo tulishikilia karanga na maharagi, na sombe, majani ya mihogo, iliyotwangwa laini.

Muzee alikubali kwa mdomo, lakini tumbo lake lilikuwa limeshazoea kukataa. Alikula matonge mawili matatu, akanawa. Ndipo nilipokumbuka desturi nyingine, maana desturi ukiitafuta vizuri huwa na ya kukufungia na ya kukufungulia. Mwenyeji hanawi mikono kabla ya mgeni. Mgeni akiendelea kula, mwenyeji naye anaendelea, hata kama ameshiba mpaka shingoni, la sivyo amemfukuza.

Nikawa mgeni. Nilikuja na bakuli langu la karanga zilizosagwa ili nisiwapunguzie, nikakaa na muzee, nikala polepole kama bibi harusi. Nikila tonge, naye anakula. Nikihadithia, nikisahau kula, naye anapumzika, kisha nakumbuka. Jambo la kusikitisha ni kwamba baada ya muda mtu aliyenenepa alikuwa mimi. Wenzangu hospitalini walianza kuniuliza vita hivi mimi navipigania upande gani.

Tena sikuweza kuja kila siku; walikuwapo wazee wengine. Nikamfikiria Papa Zakaria. Alikuwa akikaa nyumba chache kutoka pale, peke yake, watoto wake wamekimbilia Uganda. Nilipomwendea nilimkuta kitandani saa ya mchana, yeye, mwalimu wangu. Shati lilimning'inia mabegani.

"Papa Zakaria," nikasema, "kitanda ni mwizi."

"Nimemuona," akajibu. "Siko na nguvu ya kumufukuza."

Nikamwambia nina mgonjwa ambaye hali chakula bila mgeni, na kwamba nahitaji mgeni mzoefu. Alinielewa mara moja, maana hakuwa mtu wa kudanganywa na mwanafunzi wake, lakini akajifanya hakuelewa. Akavaa viatu.

Wale wazee wawili walikutana kama majogoo. Papa Zakaria alijua siri ya mgeni, na Muzee Kasiano alikuwa ameshaigundua. Kila mmoja alichungulia sahani ya mwenzake. Mgeni hakutaka kunawa kwa sababu mwenyeji alikuwa hajala vya kutosha. Mwenyeji naye akamsukumia mgeni maharagi, akisema kwao hawaruhusu mtu kuondoka na mbavu zinazohesabika. Wakati sufuria iko motoni walisimama na kukaa, kila mtu kwa kiti chake, maana tuliazima cha pili, na Papa Zakaria akawa anamkemea mwenyeji, "Goti iende mbele, tako ifuate." Mama Neema jikoni akawa anasikia ko-ko mbili zinazoshindana. Siku fundo la uzi lilipopita alama niliyoiweka siku ya kwanza, niliwaonyesha wote wawili. Muzee Kasiano akasema uzi umeingia maji ukafupika.

Walianza kutembea. Kwanza mpaka mlangoni, halafu uani, halafu mpaka kwa Papa Zakaria na kurudi, muzee ameshika ncha ya mpini, Mama Neema ncha nyingine, mbele yake, hageuki.

Risasi zilirudi asubuhi moja, watu wakiwa wanafagia nyua. Mimi nilikimbia na watoto wangu kwa njia nyingine, kwa hiyo haya nilisimuliwa na Mama Neema mwenyewe. Mji mzima ulikuwa unakwenda upande wa uwanja wa ndege, ambako watu walidhani patakuwa na usalama. Alimfunga mtoto mgongoni, akawapanga wengine mbele, akashika mpini. Muzee akasimama kitini bila kuvutwa. Walipofika kwa Papa Zakaria muzee akasimama, akasema hapiti pale.

"Muzee, twende," Mama Neema akamwambia. "Batu banapita."

"Ule ni mugeni wangu. Ninaenda wapi bila yeye?"

Papa Zakaria alikuwa ameshakaa mlangoni, viatu miguuni. Akajiunga nao, na Mama Neema aliniapia kwamba katikati ya milio ile mwalimu wangu alikuwa bado anasema goti mbele, goti mbele. Alikufa miaka mingi baada ya vita kwisha, kitandani kwake. Mwizi yule alimpata mwishowe, ila alisubirishwa sana.

Kabla ya kufika palikuwa na mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Watoto wakaruka. Papa Zakaria akavushwa na kijana mpita njia. Muzee Kasiano alipotaka kuvuka, mpini ukateleza matopeni, ukatumbukia. Watu walikuwa wanasukumana nyuma yake. Alisimama ukingoni, Mama Neema yuko ng'ambo, kati yao hapakuwa na mti wala jembe. Muzee akanyoosha mkono. Mama Neema akautazama, akaushika, akavuta.

Niliwapata siku ya pili, chini ya turubai, kati ya familia nyingi. Niliwahesabu kwa macho kabla sijawasalimu, nikaona hakuna aliyepungua. Chakula kilikuwa kimegawanywa: fufu na maharagi, si mengi. Mama Neema aliwalisha watoto, kisha akachukua sahani ya muzee, akaiweka karibu naye, akageuka kama kawaida. Lakini pale hapakuwa na mlango wa kutokea wala ukuta wa kwenda nyuma yake. Akabaki amekaa, uso ameuelekeza kwenye turubai.

Muzee Kasiano hakula. Aliutazama mgongo wake.

"Geuka, mutoto yangu," akasema.

Hakumwita mukamwana. Mama Neema hakugeuka.

"Mukono yako ilishanishika. Sasa macho inaogopa nini? Geuka, uone mi nakula."

Akageuka. Muzee akakata tonge, akala, akakata lingine. Papa Zakaria, aliyekuwa na sahani yake pembeni, akawa wa kwanza kunawa mikono, kwa makusudi, na mwenyeji wake, ingawa hakulazimika tena, akaendelea kula. Mama Neema alimtazama mpaka mwisho, machozi yanamshuka wala hayafuti. Muzee akaipangusa sahani kwa kidole, akakilamba, akampa ikiwa nyeupe.

Watoto hawakusogea kudai baraka. Walikuwa wameshakula.